Mbwa Anaporudi Kutoka kwa Mkufunzi: Kumbukumbu za Kasulu na Kibondo

Mtoto wa mbwa anayepelekwa kukaa kwa mkufunzi hujifunza huko mambo mengi kwa pamoja, na yale ambayo mwenye mbwa ameyalipia ni sehemu ndogo tu ya hayo. Hujifunza amri, yaani neno au ishara ambayo akiipata hutenda tendo fulani na kutuzwa kwa tendo hilo. Lakini pamoja na amri huzoea harufu ya ua ule, sauti ya mtu yule, saa ya chakula cha pale na kelele za mtaa ule, na yote hayo hushikamana akilini mwake kiasi kwamba hana njia ya kujua lipi lilikuwa somo na lipi lilikuwa mazingira ya somo. Anaporudishwa nyumbani, mazingira yale huondoka yote kwa siku moja, na somo hubaki bila mhimili. Makala haya yanahusu kipindi hicho cha kurudi, kama kilivyoonekana katika kaya mbili ambazo mwandishi alizifahamu kwa karibu, moja mjini Kasulu na nyingine kijijini katika Wilaya ya Kibondo, na yanashikilia hoja moja: kwamba mafunzo ya mbwa hukaa kati ya mbwa, watu na mahali, na kwamba kaya isiyojifunza lolote wakati mbwa wake yuko mafunzoni humpokea mnyama ambaye haiwezi kusema naye.

Nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambazo kwa muda mrefu zimejulikana kama Buha na ambazo zilikuwa na tawala zake za kijadi, ikiwamo Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, ni nchi ya vilima, migomba na mashamba ya mahindi, maharage na mihogo, yenye msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei, ukikatizwa na wiki chache za jua mwanzoni mwa mwaka. Katika nchi hiyo mbwa ana kazi mbili. Usiku hulinda nyumba, mbuzi na kuku; mchana, mahindi yanapoanza kubeba, hulinda shamba dhidi ya nyani, tumbili na nguruwe pori, na katika vijiji vya Kibondo vinavyoelekea Pori la Akiba la Moyowosi kazi hiyo ya pili inaweza kuamua kama kaya itavuna au haitavuna. Mbwa wengi hawafundishwi na mtu kwa makusudi; huzaliwa uani, hukua wakifuata wakubwa, na yule anayeshindwa kazi hubaki akila makombo tu. Fikra ya kumtoa mbwa mchanga nyumbani na kumweka kwa mtu mwingine ili afundishwe ndiyo ngeni zaidi, ingawa si ngeni kabisa.

Ziko njia mbili za kufanya hivyo, na kaya mbili zinazozungumziwa hapa zilifuata kila moja njia yake. Kaya ya Kasulu ilimpeleka mbwa wake, chotara wa mbwa wa kienyeji na wa kizungu, kwa askari mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mbwa katika Jeshi la Polisi, ambalo lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na ambaye baada ya kustaafu alikuwa akiishi Kigoma mjini na kupokea mbwa wachache wa watu binafsi. Watoto wa nyumba ile walimwita Afande, na ndivyo atakavyoitwa hapa. Kaya ya Kibondo haikumpeleka mbwa wake mjini. Ilimweka kwa mzee wa kijiji cha jirani ambaye alikuwa na mbwa jike aliyesifika kwa kufukuza nyani, ili mbwa mchanga afuatane naye shambani msimu mzima wa mahindi.

Wapo wanaoidharau njia hii ya pili kwa kuwa haina kamba, amri wala ratiba, lakini utafiti unaiunga mkono kuliko wanavyodhani. Mwaka 1997 J. M. Slabbert na O. Anne E. Rasa walichapisha matokeo ya kazi yao na mbwa wa polisi wa Afrika Kusini, wakionesha kwamba watoto wa mbwa walioachwa kuwatazama mama zao wakitafuta dawa za kulevya walifanya vizuri zaidi kazi hiyo walipojaribiwa wakiwa na umri wa miezi 6 kuliko wenzao ambao hawakupata nafasi ya kutazama. Kujifunza kwa kutazama, yaani mnyama kupata ujuzi kwa kumwona mwenzake akitenda bila yeye mwenyewe kutuzwa, ni jambo ambalo wazee wa Buha wamelitumia bila kuliandikia kitabu.

Ugumu wa kurudi unaeleweka vizuri zaidi kwa kulijua jambo ambalo wataalamu wa tabia za wanyama huliita ujumlishaji, maana yake uwezo wa mnyama kulitumia somo alilolipata mahali pamoja katika mahali pengine panapofanana napo au pasipofanana. Binadamu aliyejifunza kuhesabu darasani huhesabu pia sokoni. Mbwa haivuki mipaka ya namna hiyo kwa urahisi: aliyefundishwa kukaa chini mbele ya banda moja, kwa amri ya mtu mmoja, asubuhi, anaweza kusimama akitazama tu anapopewa amri ileile jikoni, jioni, na mtu mwingine, na kutazama huko si ukaidi, kwa sababu kwake yeye hilo ni jambo jipya. Jambo la pili linaloambatana na hilo ni kufifia kwa somo. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyeonesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kutokwa na mate kwa ishara fulani huacha polepole kutokwa na mate ishara hiyo ikitolewa mara nyingi bila chakula kufuata. Na alionesha vilevile kwamba baada ya mapumziko tabia iliyofifia huweza kuibuka tena yenyewe. Mwenye mbwa anayeijua nusu hiyo ya pili hakati tamaa mapema.

Mfano mkubwa wa Tanzania katika suala hili hauhusu mbwa. Shirika la APOPO, ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa na makao yake Morogoro kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na tangu wakiwa wadogo panya hao huzoeshwa kuunganisha mlio mfupi wa kifaa cha mkononi na kipande cha chakula. Panya aliyehitimu Morogoro hupelekwa nchi nyingine, na Msumbiji, Angola na Kambodia ni miongoni mwa nchi hizo. Lakini hatolewi kwenye kizimba cha safari na kuingizwa moja kwa moja kwenye uwanja wenye mabomu. Hupewa muda wa kuizoea hali ya hewa, udongo na watu wapya, hufundishwa tena katika mazingira ya pale, na hujaribiwa upya kabla ya kukubaliwa kazini. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kutunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwezi Septemba 2020 kwa kazi yake Kambodia, alipitia njia hiyo. Ikiwa mnyama ambaye maisha ya watu yanamtegemea hupewa kipindi cha kuzoea kabla ya kudaiwa ujuzi wake, hakuna sababu ya kumnyima mtoto wa mbwa kipindi hicho katika ua wa Kasulu.

Safari yenyewe ya kurudi ina uzito wake. Kutoka Kigoma, ambako Ziwa Tanganyika liko katika mwinuko wa takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi Kasulu ni kupanda mamia ya mita, na tofauti hiyo huhisiwa usiku, hasa mwezi Juni na Julai, ambapo mbwa aliyezoea joto la ufukweni hujikunja na kutetemeka katika banda la mabati lisilo na kitu chini. Katika kaya ile ya Kasulu, mbwa alisafirishwa nyuma ya gari dogo la mizigo akiwa hajalishwa asubuhi, jambo ambalo Afande alilisisitiza ili asitapike njiani, na pamoja naye likaja gunia kuukuu alilokuwa akilalia. Gunia lile halikufuliwa. Lilitandikwa juu ya nyasi kavu ndani ya banda jipya, na usiku wa kwanza mbwa alilia kwa vipindi lakini alirudi kulalia palepale, kwa kuwa harufu ndiyo anwani ambayo mbwa anaitambua kwanza. Watu wa nyumbani walitaka kumwingiza ndani ili anyamaze, na kuna huruma katika wazo hilo. Lakini mnyama atakayelala nje maisha yake yote hafaidiki kwa kufundishwa kwamba kilio hufungua mlango, na njia iliyofuatwa, ambayo mwandishi anaiona kuwa ya haki kwa pande zote, ilikuwa mtu mmoja kukaa karibu na banda kwa muda bila kusema neno hadi mbwa alale, na kukaa mbali kidogo zaidi kila usiku uliofuata.

Chakula pia hakikubadilishwa ghafla. Kwa Afande mbwa alikuwa akila mara mbili kwa siku, kwa saa zinazojulikana, uji mzito wa pumba za mahindi uliochanganywa na vichwa vya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Nyumbani kulikuwa na ugali uliobaki, maharage, na mifupa siku ya nyama. Tumbo la mbwa mchanga hukataa mabadiliko ya ghafla kwa kuharisha, na kuharisha huleta uchafu mahali pasipotakiwa, na uchafu huleta kipigo, na kipigo katika siku za kwanza humfundisha mbwa kwamba nyumba hii ni mahali pa kuogopa. Mnyororo huo wa mambo huanzia kwenye bakuli. Kwa hiyo chakula cha zamani kiliendelea kuwa kingi na cha nyumbani kuwa kidogo, kikiongezwa kadiri siku zilivyokwenda, na saa za kula hazikuguswa kabisa.

Suala lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa mpaka. Ua wa Afande ulikuwa na ukuta na geti, na mbwa alifundishwa kwamba aliye nje ya geti ni mgeni, kwamba mgeni hubwekewa, na kwamba geti likifunguliwa na mwenyeji kubweka hukoma. Nyumba ya Kasulu, kama nyumba nyingi za nyanda hizo, haikuwa na geti wala ukuta. Upande mmoja ulikuwa na safu ya minyaa, upande mwingine migomba iliyochanganyika na ya jirani, na nyuma njia ya miguu iliyokatiza kati ya jiko la nje na shamba la mihogo, ambayo majirani walikuwa wakiitumia kwenda kisimani tangu nyumba ile haijajengwa. Mbwa aliyerudi alikuwa na kanuni nzuri na hakuwa na mahali pa kuiweka. Alibweka kila mahali, au hakubweka popote, na wenye nyumba walianza kusema kwamba fedha zao zimepotea.

Hazikuwa zimepotea, kilichokosekana ni kumwonesha mbwa nyumba yake inaishia wapi. Kijana mkubwa wa nyumba ile alianza kumzungusha mbwa kwa kamba asubuhi na jioni katika mstari uleule, kutoka minyaa hadi migomba, kutoka migomba hadi njia ya kisimani, akisimama kila kona na kumtuza kwa kipande cha dagaa akigeuka naye, bila kukatisha hata siku ya mvua. Njia ya kisimani ilihesabiwa kuwa nje ya mpaka, kwa uamuzi wa makusudi, ili majirani waendelee kupita kwa amani, na baraza na jiko vikahesabiwa kuwa ndani. Mwandishi anaamini kwamba uamuzi huo, ambao ulizungumzwa na kukubaliwa na watu wote wa nyumba kabla ya kupelekwa kwa mbwa, ulikuwa wa maana kuliko amri zote zilizofundishwa Kigoma, kwa sababu mbwa hawezi kuujua mpaka ambao wenye nyumba wenyewe hawajaupanga.

Linalofuatana na mpaka ni swali la nani mgeni. Mgeni katika Buha hupiga hodi akiwa amekwisha ingia uani, na asiyepiga hodi kwa sauti kwa kawaida ni ndugu. Askari wa ulinzi wa jadi, sungusungu, hupita nyuma ya nyumba usiku wakiwa na tochi na fimbo, yaani wakiwa na kila dalili ambayo mbwa wa ulinzi hufundishwa kuishuku. Zaidi ya hayo, Kasulu na Kibondo ni wilaya ambazo kwa miongo kadhaa zimewapokea watu waliokimbia vita. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo ya mashariki, na kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, na sura isiyofahamika njiani ni jambo la kila siku. Mbwa anayefundishwa mjini kwamba kila asiyemfahamu ni adui ni hatari kubwa katika nchi kama hii, na mtu aliyeponea mapanga na risasi hastahili kung'atwa kwa sababu alipita kuomba maji. Ni haki ya mwenye mbwa kumtaka mkufunzi amfundishe mbwa kubweka bila kushambulia, na ni wajibu wake kulisema hilo mapema, mbwa akiwa bado hajaondoka nyumbani. Katika kaya ile majirani, watoto wa shule na hata viongozi wa sungusungu waliombwa kuja mmoja mmoja, mchana, kukaa barazani wakati mbwa akiwa kwenye kamba na kula, hawakuombwa kumshika.

Kutomshika kuna sababu yake. Mkoa wa Kigoma una Waislamu wengi, na katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa mashamba, na Kurani, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, huzungumzia wanyama wa mawindo waliofundishwa, kwa hiyo mbwa mwenye kazi na adabu ana nafasi yake. Asiye na nafasi ni mbwa anayemrukia kila anayeingia na kumlamba mikono. Katika nchi nyingi za Ulaya tabia hiyo huchukuliwa kuwa upendo na huvumiliwa, lakini Kasulu humfanya jirani anayejiandaa kwa sala ya alasiri aache kuja, na nyumba isiyotembelewa na jirani imepoteza ulinzi mkubwa kuliko ule wa mbwa. Kumfundisha mbwa kukaa chini mgeni anapokaribia, na kumtuza akiwa bado amekaa, huondoa tatizo hilo bila kumwadhibu.

Ndani ya nyumba kulikuwa na sauti nyingi. Baba, ambaye alikuwa mwalimu, alitumia amri za Afande kama zilivyoandikwa kwenye karatasi. Mama alisema kwa maneno yake. Watoto walipiga kelele. Na bibi, mama mzazi wa mwalimu, aliyekuwa akishinda nyumbani kutwa na hivyo kuwa na mbwa kuliko wote, alimwita kwa Kiha kwa namna alivyowaita mbwa wa baba yake. Mbwa alimtii mwalimu jioni na hakumtii mtu mwingine mchana. Wataalamu wangesema uimarishaji ulikosa msimamo, uimarishaji ukiwa ni ule utaratibu wa tendo kufuatwa na jambo zuri ili litendwe tena. Na tendo lililoitwa kwa majina manne, likatuzwa mara moja na kupuuzwa mara tatu, haliwezi kudumu. Jambo hili litarejewa, kwa kuwa ndilo lililoleta suluhisho.

Kibondo mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mbwa mchanga aliyekaa msimu mzima na mbwa jike wa mzee alirudi bila kujua amri hata moja, lakini akijua tofauti ya sauti ya nyani na ya ndege, akijua kwamba nyani dume hukabiliwa kwa mbali na kwa kelele na kamwe si kwa kukamatana naye, kwa kuwa meno yake humpasua mbwa, na akijua kurudi kwa mtu kila alipomaliza kufukuza. Kurudi kwake nyumbani hakukuwa na kilio. Sababu iko wazi kwa anayeitafuta: watoto wa kaya ile ndio waliokuwa wakipeleka chakula shambani kwa mzee, walikuwa wakishinda kwenye kibanda kilekile cha kulindia, na walijifunza pamoja na mbwa wao mahali pa kusimama na wakati wa kupiga kelele. Mzee hakuwa akitenganisha kumfundisha mbwa na kumfundisha mtoto atakayefuatana naye. Upungufu ulikuwa kwamba mbwa hakuwa amezoea kufungwa, na alipofungwa mchana kwa mara ya kwanza alikata kamba mbili na kujeruhi ufizi, hata ikabidi azoeshwe kamba kwa muda mfupi mfupi, wakati wa kula tu, hadi alipotulia.

Yako mambo ya afya ambayo hufichwa na dhana kwamba mbwa aliyerudi ana majonzi. Ni kweli mbwa huweza kupoteza hamu ya chakula kwa siku chache baada ya kuhamishwa. Lakini mbwa anayeendelea kunyong'onyea, anayekonda, mwenye homa, au ambaye macho yake yanafunikwa na ukungu mweupe, hamkumbuki mkufunzi, anaumwa. Sehemu za Kasulu na Kibondo zenye misitu ya miombo zina mbung'o, mdudu anayeeneza vimelea vya malale kwa binadamu na vya nagana kwa wanyama, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana na vimelea hivyo, ukungu wa macho ukiwa moja ya dalili zake. Homa zinazoletwa na kupe nazo huanza kwa unyonge uleule. Kumwita daktari wa mifugo wiki ya kwanza ni bora kuliko kumsubiri mbwa asahau.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Hutolewa kwa kawaida mbwa akifikisha umri wa miezi 3 na kurudiwa kadiri daktari anavyoelekeza, na mbwa anayekwenda na kurudi kati ya wilaya, akilala kwenye ua wenye mbwa wa watu wengi, anaihitaji kabla ya safari ya kwanza. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kuenea, na kazi ya miaka mingi iliyofanywa katika wilaya zinazozunguka Serengeti imeonesha kwamba kuwachanja mbwa ndiyo njia ya kuwaokoa watu. Mtoto akikwaruzwa au kung'atwa, hata na mbwa wa nyumbani aliyerudi juzi, jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamlinda mbwa dhidi ya mateso, na ni vizuri wakufunzi wanaotumia fimbo na njaa walijue hilo, na wenye mbwa walijue zaidi, kwa sababu mbwa aliyefundishwa kwa njaa huja nyumbani akiwa mlinzi wa bakuli, na anayepita karibu na bakuli hilo kwa kawaida ni mtoto.

Kuhusu kumfundisha mtu pamoja na mbwa wake, Usa River, karibu na Arusha, kuna kituo ambako African Wildlife Foundation, katika mpango ulioanza mwaka 2014, hufundisha mbwa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona kwa ajili ya viwanja vya ndege na bandari za Afrika. Askari atakayefanya kazi na mbwa huletwa kituoni, huishi na kufundishwa pamoja naye, na hao wawili huondoka pamoja kwenda kazini. Hakuna mbwa anayetumwa peke yake akiwa na karatasi ya amri. Wakufunzi binafsi wa miji midogo hawana fedha za kituo kama hicho, lakini utaratibu wake hauhitaji fedha nyingi.

Ndivyo ilivyokuja kuwa Kasulu mwishoni. Mwalimu alitaka kumrudisha mbwa Kigoma kwa muda wa pili, na Afande akakataa, akapanda basi mwenyewe siku ya Jumamosi. Watoto walimwamkia, naye baada ya chai akaomba kukaa na bibi na si na mbwa. Alimsikiliza anavyoita, akamwambia, «Bibi, neno lako ni zuri, tutalitumia hilohilo; ila uliseme mara moja, unyamaze, umsubiri.» Kisha akawaita wengine wote na kuwataka watumie neno la bibi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mbwa kutwa nzima, na karatasi ya amri ikaandikwa upya palepale barazani. Mbwa aliitwa mara nyingi alasiri ile, na kila mtu wa nyumba kwa zamu yake, kutoka minyaani, kutoka jikoni na kutoka upande wa njia ya kisimani, akiwa na dagaa mkononi. Tangu mwaka ule Afande hampokei mbwa wa mtu bila masharti mawili: kwamba anayeshinda nyumbani, awe bibi, mtoto au msaidizi wa kazi, aje kukaa naye siku za mwisho za mafunzo, na kwamba nauli ya safari yake moja ya kumfuata mbwa huko aendako ilipwe pamoja na ada.